Ziwa Tshangalele si Bustani ya Edeni



Taarifa ya matembezi ya chama chetu kwenye kisiwa cha Ziwa Tshangalele imekwisha kusomwa katika mashirika ya parokia, na kamati sasa inapendekeza kwamba safari hiyo ifanywe kila mwaka katika miezi ya kiangazi. Taarifa hiyo imeandikwa kwa lugha nzuri na kwa nia njema. Inasimulia jinsi tulivyotoka Likasi alfajiri, tukashika njia ya Kapolowe, tukavuka kwa mitumbwi ya mota, tukazunguka kisiwa kwa miguu huku tukisali rozari, tukapanda hadi kileleni na kusikiliza mafundisho juu ya uumbaji. Kati ya hayo yote limo neno moja ambalo haifai lipite bila kujibiwa. Imeandikwa kwamba tulikwenda kumwona Mungu katika maumbile ambayo mkono wa mwanadamu haujayagusa, na kwamba tulimshukuru kwa ajili ya maji safi yaliyotuzunguka.

Mkono wa mwanadamu haujayagusa! Ndugu zangu, ziwa lile lenyewe ni kazi ya mkono wa mwanadamu. Kabla ya mwaka 1930 hapakuwa na ziwa mahali pale. Palikuwa na bonde pana la mto Lufira, nchi ya Basanga na majirani zao, tambarare yenye majani na vinamasi. Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji umeme kwa viwanda vyake vya hapa kwetu, Shituru na Panda, ikajenga ukuta wa kuzuia mto huko Mwadingusha, kwenye maporomoko ambayo Wazungu waliyaita ya Cornet. Maji yakarudi nyuma, yakatanda juu ya bonde. Kwa kuwa nchi ile ni tambarare, ziwa likawa pana sana lakini la kina kifupi, hata leo mahali pengi mpiga kasia hugusa matope kwa upondo wake. Kilima kikiwa kirefu kuliko maji, kilele chake kilibaki juu, na kilele hicho ndicho tunachokiita kisiwa. Mahali tulipokaa kula na kuimba ni kichwa cha mlima ambao miguu yake imezamishwa ili mji wetu upate umeme na tanuri zake zipate moto.

Nasema hivyo bila chuki na umeme. Sisi sote wa Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, tu watoto wa viwanda vile. Baba zetu walipokea mshahara humo. Wengi wetu tulisoma katika shule zilizojengwa na kampuni na kutibiwa katika hospitali zake. Kwa sababu hiyo hasa hatuwezi kwenda Tshangalele kama watalii waliotoka nchi ya mbali. Ziwa lile ni sehemu ya Likasi. Ni kama ua wa nyuma wa nyumba yetu, na kila mtu anajua kinachotupwa uani.

Tazameni njia ya maji. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Kimefanya kazi chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines baada ya mali hiyo kutwaliwa na serikali mwaka 1967. Leo makampuni yanayosafisha shaba na kobalti katika mji wetu na kandokando yake yamekuwa mengi, pamoja na wachimbaji wa mikono wanaoosha mawe yao mtoni. Maji yanayotoka katika kazi hizo huteremkia vijito vyetu na mto Panda. Panda huingia Lufira. Lufira huingia Tshangalele. Na Tshangalele, kwa kuwa ina ukuta mwisho wake, hushika matope yote yanayoletwa. Karibu miaka 100 ya mabaki ya madini imelala chini ya maji yale ambayo taarifa yetu inayaita safi.

Hayo si maneno ya sokoni. Mwaka 2010 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha matokeo ya vipimo vyao katika bonde la juu la Lufira. Walitafuta shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani na aseniki katika mfululizo wote wa chakula, kuanzia mimea ya majini hadi samaki, nao walikuta uchafuzi. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi mwingine uliopima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuta kobalti kwa kiwango ambacho, kwa maneno ya wachunguzi, hakijapata kuripotiwa mahali pengine popote kwa watu wa kawaida wasio wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 2016 ukafuata uchunguzi juu ya hatari ya kula samaki wa ziwa lenyewe. Maandiko hayo yamo katika majarida ya Kifaransa na Kiingereza. Mama anayekausha samaki ufukoni hayasomi. Lakini katika chama chetu wamo walimu, wauguzi, na wastaafu waliofanya kazi miaka mingi katika maabara za viwanda. Hao hawawezi kusema kwamba hawakusikia.

Nitawaambia kwa nini nasema hawawezi. Mkumbuke chakula cha siku ile. Tulifika kwenye ziwa la wavuvi, watu wanaoishi kwa samaki na kuwauza Likasi na Lubumbashi, na sisi tukafungua masanduku yetu tukatoa kuku walioletwa toka mjini, bukari iliyopikwa mjini, na maji ya chupa. Wanawake wa ufukoni walileta tilapia wabichi, wakubwa, wa asubuhi ileile. Hakuna aliyenunua. Nilipomwuliza mmoja wa waandaaji sababu, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba, Baba, unajua mwenyewe mambo ya maji haya. Saa moja baadaye tulisimama sote tukaimba wimbo wa shukrani kwa ajili ya maji hayohayo.

Basi tunajua. Tunajua vya kutosha kulinda matumbo yetu kwa siku moja, lakini hatujui vya kutosha kuandika sentensi moja katika taarifa. Na samaki walewale tuliowakataa pale ufukoni hupakiwa kwenye baiskeli na malori, huja katika masoko ya Kikula na ya mjini, na mnamo Jumatano au Ijumaa huwekwa mezani kwetu bila mtu kuuliza wametoka wapi. Kukataa kwetu hakukuwalinda hata watoto wetu wenyewe. Kulimwaibisha tu mwanamke aliyekuwa amesimama na beseni lake kichwani.

Katika mafundisho ya siku ile tulisomewa Injili ya Marko, sura ya 6, pale Bwana Yezu anapowaita mitume waliochoka waende naye kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Nao wakaenda kwa mashua. Ni somo linalopendwa sana na waandaaji wa matembezi, na ni haki yao. Pumziko ni agizo la Mungu, wala mimi si miongoni mwa wale wanaoona kila matembezi ya waamini kuwa upotevu wa faranga. Mtu anayefanya kazi siku sita katika vumbi la mji wetu anastahili kuona upeo wa macho na kusikia ndege. Ila msomaji wetu alifunga kitabu mapema mno. Marko anaendelea. Watu waliiona mashua ikienda, wakakimbia kwa miguu kando ya ziwa, wakafika kabla yake. Yezu aliposhuka aliwakuta wanamngoja, na mahali pale pa faragha palikuwa pamejaa umati. Hakurudi majini kutafuta kisiwa kingine. Aliwahurumia, akawafundisha hadi jioni. Na mitume walipotaka watu waondoke wakajitafutie chakula, aliwaambia wawape chakula wao wenyewe. Palikuwa na mikate mitano na samaki wawili.

Sitaki kulazimisha maandiko yaseme zaidi ya yanavyosema. Lakini haiwezekani kutumia mwanzo wa habari ile kuhalalisha safari yetu na kuuficha mwisho wake, hasa pale ambapo umati ulikuwa ufukoni kweli, na samaki mkononi.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza watasema hayo ni siasa, na chama cha walei hakikuundwa kwa ajili ya siasa. Jibu langu ni fupi. Baba Mtakatifu Fransisko alipoandika Laudato Si' mwaka 2015 aliweka suala la maji ya maskini katika kurasa za mwanzo kabisa, akayaita maji safi ya kunywa haki ya kila binadamu. Kamati yetu imelitaja andiko hilo mara tatu katika taarifa yake. Mtu hawezi kulitaja andiko mara tatu na kusema kwamba mambo yaliyomo ndani yake hayamhusu.

Wa pili watasema: mkitangaza kwamba samaki wa Tshangalele wana madini mwilini, mtawaua wavuvi kwa njaa kabla madini hayajawagusa. Hoja hii naiheshimu, na ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa maana ni ya kweli. Mvuvi anapoambiwa samaki wake ni wabaya, anachosikia ni kwamba mtoto wake hatalipiwa shule. Anaweza hata kukufukuza ufukoni, na nisingemlaumu. Lakini tazameni hoja hii inatumiwa na nani. Inatumiwa na sisi tuliokula kuku. Tunanyamaza kwa jina lake, tukisema tunamwonea huruma, wala hatujamwuliza kama anataka tunyamaze. Labda yeye angependa kujua ni samaki gani wa kuuza na gani wa kuacha, upande gani wa ziwa kuna nafuu na upande gani hakuna, kama mtoto mdogo apewe samaki huyo mara ngapi kwa juma. Mambo hayo yanapimika. Hayajulikani kwake kwa sababu hakuna aliyeyachukua akayaeleza kwa Kiswahili, chini ya mti, mbele ya watu wanaohusika. Ukimya wetu haumlindi mvuvi. Unamlinda yule anayemwaga maji.

Wa tatu, na hawa ni wenzetu wanaofanya kazi viwandani hadi leo, watasema kwamba viwanda vikisumbuliwa vitafungwa, na Likasi itakufa. Tumekwisha kuona Likasi ilivyo viwanda vinapolala. Miaka ya 1990 bado inatuuma. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka irudi. Lakini kati ya kufunga kiwanda na kusafisha maji kabla ya kuyaachilia mtoni kuna nafasi kubwa, na sheria ya nchi imekwisha kuijaza nafasi hiyo. Kanuni ya Madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inasema kwamba mwenye haki ya kuchimba anawajibika kufidia madhara ambayo kazi yake inawaletea watu, mali na mazingira, hata pale ambapo hakuna kosa lililothibitishwa upande wake. Sheria hiyohiyo inataka sehemu ya 0.3% ya mauzo itengwe kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Basi kuuliza si uchochezi. Anayeuliza anaomba sheria ya Jamhuri ifanye kazi. Ugumu uko katika neno lile, jamii zinazoguswa. Kijiji kilicho kando ya uzio wa kiwanda huonekana kwa macho. Kijiji kilicho mbali, mwisho wa mto, huguswa na maji tu, na maji hayaachi sahihi. Nani atakwenda ofisini kusema kwamba kijiji hicho nacho kinaguswa? Mtu anayejua Kifaransa cha ofisi, anayeweza kuandika barua, mwenye muda na mwenye majirani wa kumsindikiza. Hiyo ndiyo sifa ya wanachama wetu, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenye heri, mjini Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Tulifurahi sana. Picha yake imebandikwa katika chumba chetu cha mikutano, na ni vema. Lakini mwenye heri huyo alikuwa nani? Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei kama sisi, kijana wa miaka 26, mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa huko Goma. Kazi yake ilikuwa kuangalia chakula kinachoingia nchini, na siku moja alitakiwa apitishe chakula kilichooza. Alipewa ahadi ya fedha, akakataa, alitishwa, akakataa, mwezi Julai 2007 alitekwa akauawa. Alikufa kwa sababu hakutaka maskini wale kitu ambacho yeye alijua kuwa ni kibaya. Ninyi mnaona jinsi habari yake ilivyo karibu na ufuko wa Tshangalele. Hakuna anayetudai damu. Tunadaiwa sentensi moja ya kweli katika taarifa ya matembezi, na hiyo imetushinda.

Tena isidhaniwe kwamba naona uchafu tu mahali pale. Kuna ndege mmoja, mnana wa manjano mwenye uso mweusi, ambaye wataalamu walimpa jina rasmi mwaka 1982, na ambaye duniani kote anajulikana kuishi kando ya ziwa hili peke yake. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mungu hakuliacha bonde lile lilipozamishwa. Matete yaliota, samaki walizaana, ndege walijenga viota, watu walijenga vijiji. Huo ndio uumbaji tulioutembelea: umejeruhiwa na bado unalisha. Anayeusifu kana kwamba hauna jeraha hajautazama, na sala yake, hata ikiwa na machozi, inamsifu Mungu kwa ajili ya mahali pengine.

Kuhusu mitumbwi sitasema mengi, maana wengine wamesema. Tulikuwa wengi kuliko makoti ya kuokolea. Baada ya watu kuzama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, wakiwa wanakaribia nchi kavu, sioni kiongozi wa chama atakayepata la kujitetea akipakia namna ile tena. Wasiopata koti wabaki ufukoni, nao watakuwa na kazi ya kufanya huko, kama nitakavyoeleza.

Kamati itakapokutana kujadili safari ya mwaka ujao, naomba mambo haya yawekwe mezani. Ifanyike safari, nami nitakwenda. Lakini nusu ya siku ipunguzwe kisiwani, ipelekwe ufukoni. Kabla ya safari, watu wawili au watatu waende kuwaona wazee wa vijiji na wakubwa wa wavuvi, wawaombe ruhusa na wawaulize kama watapenda kusema nasi juu ya maji yao, wakikataa, tutaheshimu. Mmoja wa watafiti wa Lubumbashi aalikwe, alipiwe njia na chama, aeleze kwa Kiswahili alichokipima na ambacho bado hajakipima. Tume ya Haki na Amani ipelekewe tutakachosikia, kwa maandishi, pamoja na majina ya vijiji. Wastaafu wetu wa maabara, ambao kila mkutano wanalalamika kwamba hawana kazi, wapewe hii. Na taarifa ya mwaka huu, kabla haijapelekwa kwa Padri mlezi na kuwekwa katika kumbukumbu za chama, ifutwe neno moja, lile linaloyaita maji yale safi.

Nimeulizwa tayari tutakula nini mwaka ujao. Swali hilo nalo liulizwe ufukoni, kwa wanawake wenye mabeseni. Wao wanajua samaki wao wametoka upande gani wa ziwa, na mtafiti atakuwa amekaa hapo hapo. Akisema huyu analika, tutamnunua kwa bei yao na kumla pamoja nao. Akisema huyu halifai, hatutamla, nao watakuwa wamesikia sababu kwa masikio yao, na sisi tutakuwa tumesimama mbele yao tunaposema hivyo, kisha tutakaa tujadiliane nao ni nani wa kuandikiwa barua ya kwanza.